TAHADHARI: Matairi ya SUV yanayouzwa Mwanza kama "ya hali zote" ni ya theluji, tena yaliyokwisha kutumika

Ndugu zangu wa Mwanza na wa mwambao wote wa Ziwa, hasa ninyi wenye magari ya SUV mnaojiandaa kubadilisha matairi kabla ya mvua za vuli, naomba mlisome tangazo hili kabla hamjamtumia mtu yeyote fedha. Yupo muuzaji anayezunguka na matairi anayoyaita "ya hali zote", akiyatangaza kwenye makundi ya WhatsApp na kuyafikisha mpaka nyumbani au gereji anakotaka mteja. Matairi hayo si mapya na si ya hali zote. Ni matairi ya majira ya baridi kutoka Japani, yaliyokwisha kutumika huko, yakaoshwa, yakapakwa dawa ya kung'arisha, na mengi yao yakakwanguliwa tarehe ya kutengenezwa. Jina la muuzaji sitaliandika hapa, kwa kuwa malalamiko yamekwisha kufikishwa polisi na sipendi kumpa nafasi ya kudai kwamba amechafuliwa. Isitoshe, wapo wengine walioanza kumwiga, kwa hiyo kuijua njia anayoitumia kutawasaidia wengi zaidi kuliko kulijua jina lake.

Utaratibu wake haubadiliki sana. Hutanguliza picha ya tairi linalong'aa, iliyopigwa kwa karibu ili ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati ionekane vizuri, na chini yake huandika kwamba tairi limepimwa kwa mvua, jua, tope na hata barafu. Saizi anazozitangaza ni zile zinazotafutwa sana hapa kwetu, yaani 225/65R17 ya RAV4 na magari ya kimo chake, na 265/65R17 ya Prado. Bei yake si ya kutupa, na hilo ndilo linalowanasa hata watu waangalifu, maana huiweka chini kidogo tu ya bei ya dukani, ili aonekane kuwa ni mtu aliyeagiza mzigo wake mwenyewe na asiye na kodi ya fremu ya kulipa. Mteja akikubali, huombwa atangulize nusu ya fedha kwa lipa namba ambayo jina linalotokea si la muuzaji, na akihoji huambiwa kwamba hilo ni jina la mhasibu.

Mzigo hufika jioni, wakati mafundi wanafunga na mwanga umepungua, ukiwa umefuatana na kijana wa kufunga matairi ambaye kazi yake, mteja huambiwa, ni ofa. Ukarimu huo una sababu. Matairi mengi huandikwa namba kamili yenye tarehe upande mmoja tu, na kijana huyo huhakikisha kwamba upande huo unaingia ndani, kuelekea chini ya gari, ambako mwenye gari hawezi kuuona mpaka gari lipandishwe jeki. Anayeuliza tarehe hujibiwa kwa upole, "Bosi wangu, hizi za Japani huwa hawaandiki tarehe." Jibu hilo ni la uongo. Matairi ya Japani yana namba ya utengenezaji kama ya kwingine, na tarakimu nne za mwisho husomwa kwa utaratibu uleule uliotumika tangu mwaka 2000, mbili za kwanza zikiwa ni wiki na mbili za mwisho zikiwa ni mwaka.

Niliyaona matairi hayo kwa karibu kwa shemeji yangu anayeishi Buhongwa, aliyeniita kwa sababu gari lake lilikuwa likielea kila anapokata kona, kana kwamba matairi hayana upepo wa kutosha, ingawa upepo ulikuwa sawa. Tulipolifungua la mbele na kuligeuza, habari yote ilikuwa imeandikwa upande wa ndani. Palikuwa na neno STUDLESS kwa herufi zilizoinuka, ambalo ndilo jina wanalopewa matairi ya theluji yasiyo na misumari. Karibu na saizi palikuwa na 102Q. Herufi hiyo Q ina maana kwamba tairi halikuundwa kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa, na kwa tairi la SUV la saizi ile ni dalili kubwa ya tairi la theluji, kwa sababu matairi ya kawaida ya saizi hiyo huwa na S, T, H au V. Mahali pa tarehe palikuwa na doa lisilong'aa, lenye upana wa kidole gumba, lililolainishwa kwa msasa wa mashine hata likabonyea kidogo. Kwenye matairi matatu kazi hiyo ilifanywa sawasawa. Kwenye la nne walisahau, au walichoka, na tukasoma 3514, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2014. Dawa ya kung'arisha ilibaki kwenye kidole, na ilipofutwa kwa kitambaa chenye petroli tuliona nyufa nyembamba zilizouzunguka ubavu karibu na rimu.

Kashata za matairi hayo, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, hata hivyo, zilikuwa ndefu, na hapa inafaa nieleze kwa nini, kwa sababu ndiyo hoja ambayo muuzaji huitumia kumaliza ubishi. Japani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kudhibiti matairi ya misumari kwa sababu ya vumbi yaliyokuwa yakilitoa barabarani, na tangu hapo madereva wa maeneo yake yenye theluji hutumia haya yasiyo na misumari wakati wa baridi. Tairi la namna hii likifika nusu ya kashata zake huhesabiwa huko kuwa halifai tena kwa theluji, na lina vinundu maalumu ndani ya mifereji vinavyoonyesha kwamba nusu hiyo imefika. Mwenyewe hulitoa. Nusu iliyobaki, machoni pa mtu wa Mwanza aliyezoea kuona daladala zikitembea na kipara, ni tairi karibu jipya. Ukitaka kuvitambua vinundu hivyo, tazama ndani ya mifereji: kuna vile vya chini kabisa, vya milimita 1.6, ambavyo kila tairi huwa navyo, na kuna vingine virefu zaidi. Kwa shemeji yangu vile virefu vilikuwa vimekaribia kulingana na uso wa tairi.

Sasa, kwa nini tusiseme tu kwamba ni matairi ya mtumba kama mengine na tukaendelea na safari? Kwa sababu mpira wa tairi la theluji umechanganywa ili ubaki laini katika baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, na mji wetu hauijui baridi hiyo hata usiku wa Julai. Kwenye lami iliyopigwa jua la saa nane mchana, mpira huo hulegea, vipande vya kashata vilivyokatwakatwa kwa mikato myembamba hupindapinda chini ya uzito wa gari, na ndiyo ile hali ya kuelea ambayo shemeji yangu aliilalamikia. Huisha upesi pia. Katika lami yenye maji, gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko lenye matairi ya kawaida, na lami yenye maji ndiyo barafu yetu sisi: miteremko ya Bugando na Capri Point mvua inapoanza, au barabara ya Musoma baada ya Magu, ambako ng'ombe huvuka bila kumwomba mtu ruhusa. Ongeza juu yake umri wa miaka zaidi ya kumi. Mpira uliozeeka hupoteza hata huo ulaini uliosifiwa, nyufa huingia mpaka kwenye nyuzi, na tairi linaweza kupasuka likiwa na kashata zote. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 bila kujali kashata, na watengenezaji wa matairi kwa kawaida huweka kikomo cha miaka 10.

Kuhusu ile alama ya mlima na theluji, muuzaji hasemi uongo kwamba ipo; uongo uko katika anachodai kwamba inathibitisha. Alama hiyo hupewa tairi lililojaribiwa juu ya theluji iliyoshindiliwa na likaonyesha kushika kwa angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Haisemi lolote juu ya joto, wala tope, wala mawe. Herufi M+S, ambazo naye huzionyesha kwa kidole, zinahusu tope na theluji, lakini huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata na hazihitaji jaribio lolote. Matairi halisi ya hali zote yapo, na ni kitu cha maana mahali pake. Katika jimbo la Quebec, Kanada, sheria inadai alama ile ya mlima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na mtu wa huko asiyetaka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka ana sababu nzuri ya kuyanunua. Mtu wa Nyegezi analipia theluji ambayo hataiona.

Kitu kingine anachokichanganya, sijui kwa makusudi au kwa kutojua, ni kuyaita matairi hayo A/T. Tairi la A/T limeundwa kwa ardhi za namna mbalimbali: kashata zake ni nene, mifereji ni mipana ili itoe tope, na mara nyingi ubavu wake ni mgumu zaidi dhidi ya mawe. Kwa anayekwenda mara kwa mara Ngudu au vijiji vya ndani vyenye udongo mweusi wa mbuga, A/T ni chaguo la haki, ingawa wakati wa masika udongo ule humshinda hata mwenye tairi bora. Anayeishi mjini na safari zake ni za lami, kwa maoni yangu, apuuze fahari ya kashata kubwa zinazovuma barabarani na kula mafuta, achukue tairi la kawaida la barabara lenye mifereji mipana inayozunguka tairi zima ili kutoa maji. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya Geita haina tena mapumziko ya kusubiri kivuko, na magari yanatembea mwendo mrefu bila matairi kupoa, kwa hiyo tazama pia daraja la joto linaloandikwa ubavuni kwenye matairi mengi kwa herufi A, B au C, ambapo A ndiyo inayostahimili zaidi. Namba ya uzito nayo, kama ile 102 iliyotangulia Q, isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva: 102 ni kilo 850 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120.

Anayetaka kununua, kwa muuzaji huyu au kwa mwingine, adai kuyaona matairi mchana, yakiwa hayajafungwa kwenye rimu, pande zote mbili, na asome tarehe mwenyewe. Doa lililolainishwa mahali pa tarehe litoshe kuvunja biashara hapohapo, bila maelewano ya kupunguziwa bei. Fundi wa kufunga awe wako. Fedha zilipwe baada ya kukagua, kwa namba yenye jina la biashara hiyo, na risiti iwe ya EFD inayoweza kuhakikiwa kwa TRA, ikiandika saizi ya tairi na kama ni jipya au la. Muuzaji huyu hutoa karatasi ya kuandika kwa mkono yenye muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi", na wengi wakiisoma hukata tamaa. Muhuri huo hauhalalishi udanganyifu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, nayo husimamiwa na Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe, TBS wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza.

Kwa ambaye amekwisha kufungiwa matairi haya, ninaomba asiyaondoe kabla ya kupiga picha za upande wa ndani wa kila tairi, ubavu mzima pamoja na doa la tarehe, gari likiwa limepandishwa jeki na namba zake za usajili zikionekana katika picha mojawapo. Ahifadhi ujumbe wote wa WhatsApp, pamoja na zile picha za tangazo, kwa sababu muuzaji huzifuta baada ya kulipwa, na ahifadhi pia ujumbe wa muamala unaoonyesha jina la mwenye lipa namba. Avipeleke kituo cha polisi kilicho karibu naye, na akiweza aende pamoja na jirani au ndugu aliyeuziwa vilevile, maana malalamiko ya mtu mmoja huonekana kuwa ni ugomvi wa bei tu. Safari za Shinyanga, Musoma au Geita azisimamishe mpaka apate mengine. Na matairi hayo, hata baada ya kesi kwisha, asimuuzie fundi wa pancha kwa bei ya chini. Ayakate ubavu kwanza, la sivyo mwezi ujao yatakuwa yamepakwa dawa upya na kurudi kwenye tangazo.