Mtutu wa bunduki kuukuu ya jeshi: maji ya moto au dawa ya amonia?

Kwanza hakikisha chemba (mahali risasi inapokaa, nyuma ya mtutu) ni tupu, kisha toa bolti, chuma kinachoifunga chemba. Risasi nyingi za jeshi za zamani huacha mtutuni chumvi ya fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi. Kwa unyevu wa Lindi au Mikindani, ukilala bila kusafisha, asubuhi kitambaa ukikipitisha mtutuni kinatoka na wekundu wa kutu.

Maji ndiyo yanayoyeyusha chumvi hiyo. Mafuta huifunika tu. Elekeza mdomo wa mtutu chini, mimina lita moja ya maji yanayochemka kupitia chemba kwa faneli yenye mrija wa mpira. Chuma kikishika moto hukauka haraka. Gharama ni mkaa tu. Ila maji yakipenya kati ya mtutu na mti wa bunduki, kutu huanza pale usipopaona.

Dawa ya amonia hushinda kwenye shaba ambayo risasi huiacha mtutuni na kuharibu shabaha: ikiyeyuka, kitambaa hutoka na buluu. Ni ghali, harufu yake kali, na ikizidishiwa muda ulioandikwa kwenye chupa huweza kula chuma.

Unapiga risasi za kale? Maji, siku hiyohiyo. Za kisasa, ila shabaha imepotea? Dawa. Ukitumia zote, maji yatangulie, mafuta mepesi yamalizie. Uyafute kabla ya kupiga tena.