Flashi ya Kemia Kidato cha Tatu na cha Nne: Tazameni Tone Hili Moja

Wadau, karibuni tena. Flashi yenyewe hii hapa, shilingi 15,000, ina video za masomo ya kemia kidato cha tatu na cha nne. Ina GB ngapi, inachomekwa wapi, hayo mnayajua. Mimi nawapeleka moja kwa moja kwenye taitresheni, yaani kudondosha asidi kwenye besi mpaka zimalizane, maana tangu juzi nimelirudia somo hilo mpaka watoto wa hapa nyumbani wamelikariri.

Haya, tazameni kioo. Kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na koki chini, kuna asidi ya haidrokloriki. Chini, kwenye chupa, cm³ 25 za sodiamu haidroksaidi, ndiyo besi, na matone mawili ya methaili oranji, kiashiria kinachobadili rangi asidi ikitosha. Rangi ni njano. Asidi inashuka… njano… bado njano… hapo! Nimesimamisha. Narudisha kidogo. Tone la kabla, njano. Tone hili, rangi ya chungwa. Na tone moja la bureti ni kama cm³ 0.05 tu! Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi sitini walizunguka bureti nne; wa mbele wakaona, wa nyuma wakanakili jibu. Maabara haina kurudisha nyuma, jamani.

Utamu bado. Nikibonyeza hapa, kioo kinagawanyika. Juu chupa, chini chembe zenyewe. Ona: ioni za haidrojeni zikikutana na haidroksaidi, yanatokea maji. Sodiamu na kloridi zinaelea tu kama zilivyokuja. Mwalimu mwenzangu, hili ubaoni unachora mishale mpaka chaki inaisha, na bado mtoto anadhani chumvi imeshaganda humo ndani! Na msimulizi anaeleza kwa Kiswahili, ila maneno ya kwenye picha yamebaki kwa Kiingereza, kama mtihani utakavyokuja. Hapo nimewapenda sana.

Sasa kilichoniudhi. Muziki! Wa nini chini ya sauti ya mwalimu? Halafu, kijana wa kwenye video anapata rangi ya chungwa mara ya kwanza, anaandika, kwisha. Si kweli hivyo. Mara ya kwanza unapitiliza, chupa inakuwa nyekundu, hicho unakiita kipimo cha majaribio, unaosha chupa, unarudia mpaka vipimo vikaribiane. Mtoto akizidisha siku ya mtihani atajuaje kwamba anaruhusiwa kurudia? Walikuwa na bureti, walikuwa na kamera, wangeonyesha!

Mtaniuliza kuhusu PhET, yale majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ile ni bure, ukishapakua haili bando, na mwanafunzi anagusa mwenyewe badala ya kutazama tu. Kwa kuelewa chembe, naiweka mbele ya flashi hii. Lakini ile ni michoro. Chupa halisi, mkono halisi unaofungua koki polepole, utaipata hapa.

Kabla sijasahau, wiki ijayo naleta projekta ndogo inayotumia betri, kwa shule ambazo umeme unakatika katikati ya kipindi. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge sasa.

Elfu kumi na tano nilisema ni ghali nilipoinunua. Jana nimenunua ya pili, naipeleka shule niliyoanzia kazi. Hebu nirudishe lile tone kwa aliyepitwa. Njano… njano… hapo. Umeliona?