Glock 26 Mezani: Fupi Kuficha, Ngumu Kuizoea

Karibuni watazamaji, salamu kutoka Tanga. Leo mezani ni bastola ya Glock 26. Kamera isogee hapa kwanza. Magazini, kile kisanduku cha risasi, imetoka, slaidi, chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, imefungwa nyuma, na ukichungulia kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, unaona mwanga unapenya mpaka chini kwenye shimo la magazini. Ni tupu. Magazini hutangulia kutoka, ndipo slaidi ivutwe. Ukianza na slaidi, risasi moja inaruka nje na magazini inasukuma nyingine ndani, nawe unaamini bastola ni tupu. Kwa Glock kosa hilo ni baya zaidi, maana huwezi kuifungua ili uisafishe bila kuvuta triga.

Haya, bastola yenyewe. Glock 26 inatumia risasi ya milimita 9x19, ileile ya kaka yake mkubwa, Glock 19. Mtutu wake ni milimita 87, wa 19 ni 102. Magazini yake inabeba risasi 10, ya 19 inabeba 15. Slaidi zao zina unene mmoja, kwa hiyo anayeitaka 26 kwa kudhani ni nyembamba amekosea hesabu. Kilichopungua hasa ni mtutu na kitako, na kitako ndicho kinachochomoza chini ya shati.

Sasa tazameni mkono. Kidole kidogo kimekosa pa kushika, kinaning'inia. Ndiyo maana bastola ndogo inaruka zaidi mkononi ikipigwa: risasi ni ileile, chuma ni kidogo, na mshiko umepungua kidole. Kiganja kikilegea, fremu, yaani kiwiliwili cha chini, inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, na ganda la risasi iliyopigwa linabanwa likiwa wima kwenye dirisha la kutokea maganda. Watu hulaumu risasi, kumbe ni kiganja. Dawa ni kushika juu kabisa chini ya slaidi na kukaza mkono wa pili. Magazini ya Glock 19 inaingia humu pia, na inakupa nafasi ya kidole, mazoezini itumieni.

Mazoezi ya nyumbani ni ya kavu: risasi zote ziwe chumba kingine, lenga ukuta imara usio na mtu nyuma, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, kisha vuta triga taratibu. Sarafu ikianguka, umeinyakua triga. Uwanjani kosa hilo hupeleka risasi chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Dakika 10 kila siku zinatosha. Kila mara koki upya kwa kuvuta slaidi.

Kwetu pwani kuna adui mwingine, chumvi. Slaidi imetiwa dawa nzuri ya kuzuia kutu, lakini springi na pini hazina ulinzi huo, na jasho la kiunoni linazifikia. Futa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana. Yakizidi yanakamata vumbi. Usiilaze kwenye ala ya ngozi, ngozi inatunza unyevu, na risasi za shaba zinaota ukijani. Ilaze kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na vifuko vya kunyonya unyevu. Masika vikaguliwe mara kwa mara.

Kwa bastola ya kwanza, mimi ningechukua 19. Hii 26 imfae aliyekwisha kukaza mshiko. Na yoyote mtakayochagua, leseni ya Polisi inatangulia fedha ya duka: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ndiyo inayosimamia.