Roloni ya kuzuia jasho, nilitaka kuipa nyota moja

Jamani hii roloni nilikua nishaitungia matusi kichwani kabisa, wiki nzima naipaka asubuhi nikitoka tu kuoga, ikifika saa nne shati lishalowa na kikwapa kishaanza, nikasema basi nimeliwa tena. Kumbe mimi ndo sijasoma maandishi ya nyuma. Imeandikwa upake USIKU, kwapa likiwa kavu. Sasa nani alikua anajua hilo??

Ila ukielewa inavyofanya kazi unaona wako sahihi. Hii sio deodoranti, deodoranti inapunguza bakteria na kukupa harufu nzuri lakini jasho linatoka kama kawaida. Hii ina chumvi za alumini, zikikutana na jasho kidogo zinaganda na kuziba vile vitundu vya jasho kwa muda, kwahiyo ukipaka asubuhi afu ukatoka mbio juani jasho linaisukuma nje kabla haijashika. Usiku umetulia, jasho dogo, inashika. Na asubuhi unaoga zako haiishi, maana vizibo vishaingia ndani.

Halafu jasho lenyewe wala halinuki, mi nilikua nalisingizia. La mgongoni na usoni ni maji na chumvi tu, ila kwapani kuna tezi zingine zinaanza kazi ukibalehe, zinatoa kitu kizito chenye mafuta na protini, bakteria wa kwenye ngozi wanakula hivyo ndo inatoka ile harufu. Ndo maana mtoto mdogo anacheza kutwa, analowa chapachapa, na kikwapa hana. Na ndo maana kupuliza pafyumu juu ya jasho la jana unapata harufu mbili badala ya moja (nimeshapanda gari na hao watu, na nimeshakua mmoja wao).

Nilivyoanza kupaka usiku, siku ya nne hivi nikavaa shati la bluu bila woga. Ubaya upo. Usipake ukishanyoa, nilipaka nikacheza ngoma peke yangu bafuni. Kigololi kinagoma kuzunguka ikikaribia kuisha. Na nguo nyeupe inaacha njano kwapani, ile alumini ikichanganyika na jasho, fua mapema kabla haijakomaa.

Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye shati langu jeupe.