Programu ya kukata silabi za vitenzi vya Kihispania: nyota tatu

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitumia programu ya simu inayomfundisha mwanafunzi vitenzi vya Kihispania kwa kuvikata silabi baada ya silabi, na kwa kuwa niliilipia kutoka mfukoni mwangu, nitasema nilichokipata.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila kitenzi huandikwa katika mistari miwili. Ukiandika hablábamos, yaani "tulikuwa tukizungumza", mstari wa juu huonyesha jinsi mdomo unavyolikata neno, ha-blá-ba-mos, na wa chini huonyesha lilivyojengwa, habl-á-ba-mos: mzizi, irabu ya kundi la vitenzi vinavyoishia na -ar, alama ya wakati uliopita, na nafsi. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo, kwani sisi pia hutamka so-ma ilhali mzizi ni -som-. Tofauti ni kwamba "tu-" yetu hutangulia, na -mos yao hufuata mkiani. Silabi yenye mkazo huwaka rangi nyekundu, jambo lililonisaidia sana, maana masikio yetu yamezoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa mazoea hayo nilikuwa nikisema hablo, "nazungumza", nilipokusudia habló, "alizungumza".

Kasoro zilianza kwenye vitenzi vigumu kidogo. Construyo, "najenga", ilikatwa con-stru-yo, ingawa katika Kihispania silabi haianzi kwa s inayofuatwa na konsonanti (ndiyo sababu wao hutanguliza e na kusema escuela, "shule", na estar, "kuwa"). Mkato sahihi ni cons-tru-yo. Leían, "walikuwa wakisoma", ilipewa silabi mbili badala ya tatu, le-í-an, kana kwamba i yenye mkazo inaweza kumezwa na irabu jirani. Guio, "aliongoza", bado imewekewa alama ya mkazo kama zamani (guió), ilhali kanuni za tahajia zilizotolewa na Real Academia Española, taasisi inayosimamia lugha ya Kihispania, mwaka 2010 zinaihesabu kuwa silabi moja katika maandishi, hivyo haiwekewi alama.

Lililoniudhi zaidi ni dámelo, "nipe hicho". Programu ilijibu kwamba neno hilo halipo! Vitenzi vya amri vilivyobeba viwakilishi mkiani vimejaa katika mazungumzo ya kila siku, na ndivyo vinavyoeleza vizuri kazi ya alama ya mkazo: da, "toa", haina alama, lakini ikishaongezewa me, "mimi", na lo, "hicho", mkazo hubaki palepale kwenye silabi ya kwanza, ambayo sasa ni ya tatu kutoka mwisho, kwa hiyo ni lazima uandikwe.

Niliwaandikia wenye programu, nao wakajibu kwa adabu baada ya siku mbili. Leían imesharekebishwa, construyo bado. Mwezi wa nne sitaulipia mpaka dámelo ipatikane.