Mashine ya Kusukuma ya Kukatia Nyasi: Tathmini ya Mwaka Mzima

Mashine ninayoizungumzia hapa haina injini, haina waya wa umeme, wala haina betri. Ina magurudumu mawili, na katikati yake kuna silinda ya visu vitano vilivyosokotwa kidogo. Anayeisukuma ndiye anayeizungusha. Upana wake wa kukata ni sentimita 40, uzito wake hauzidi kilo 12, na kimo cha kukatia kinaweza kupangwa kuanzia sentimita 1.5 hadi 6. Nimeitumia katika mzunguko mzima wa mwaka, tangu nyasi zinapochipua kwa pupa baada ya mvua hadi zinapodumaa na kusinzia. Ninaiandikia tathmini kwa sababu sifa nyingi zinazotolewa kuihusu, na lawama pia, hutoka kwa watu walioijaribu katika msimu mmoja tu, ilhali hiki ni kifaa ambacho ubora wake huamuliwa na majira pamoja na ratiba ya mwenye bustani.

Nianze na namna inavyokata, kwa kuwa hapo ndipo thamani yake yote ilipo. Magurudumu yanapozunguka, gia ndogo zilizofichwa ndani yake huizungusha silinda kwa kasi kubwa kuliko magurudumu yenyewe. Kila kisu cha silinda kinaposhuka hulisukuma jani dhidi ya kisu cha chini, ambacho ni bapa la chuma lililofungwa lisisogee, na jani hukatwa kati ya makali mawili kama kwa mkasi. Mashine za injini ambazo watu wengi wanazo hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: kisu kimoja kilicholala huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika na kulipiga jani hadi likatike. Kisu hicho kikiwa kikali, kazi huwa nzuri. Kikiwa butu, na hufikia hali hiyo mapema kuliko mwenyewe anavyodhani, ncha za majani huchanika, na baada ya siku moja au mbili uwanja mzima hupata weupe wa kikahawia ambao watu huudhania ukame au upungufu wa mbolea. Inama uchume jani moja ulitazame kwa karibu: lililochanwa lina nyuzinyuzi nyeupe nchani, na lililokatwa kwa silinda lina ncha iliyonyooka, ya kijani hadi ukingoni. Jeraha lenye nyuzi hupoteza maji mengi zaidi na huyarahisishia maradhi ya kuvu kuingia, jambo lenye uzito mkubwa wakati wa joto kali na wakati wa unyevunyevu wa kudumu.

Ubunifu wenyewe ni wa zamani. Edwin Budding, fundi wa mashine wa Gloucestershire nchini Uingereza, aliupatia hataza mwaka 1830, akiwa amelichukua wazo lake kwenye mashine za viwanda vya nguo zilizokuwa zikinyoa manyoya yanayojitokeza juu ya kitambaa cha sufu. Mpangilio wa silinda na kisu cha chini haujabadilika tangu hapo. Kwenye viwanja vya gofu, zile sehemu zenye mashimo ambazo nyasi zake hukatwa kwa kimo cha milimita 3 hivi bado hukatwa kwa mpangilio huohuo, isipokuwa mashine za huko huendeshwa kwa injini na silinda zake zina visu vingi zaidi. Hakuna kisu cha kuzunguka kilicholala kinachoweza kufikia kimo hicho bila kuchubua udongo.

Msimu wa mvua ndio unaoipima kwelikweli. Joto na maji vikikutana, ukoka na jamii zake hurefuka kwa kasi, na ile kanuni ya kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja huwa ya lazima. Ukitaka nyasi zikae kwenye sentimita 4, uzikate zinapofika 6, na katika kilele cha ukuaji hilo lina maana ya kukata kila baada ya siku 4 au 5. Mashine hii haimvumilii anayechelewa. Nyasi zikifika sentimita 12 au 15, sehemu ya mbele ya fremu huzilaza kabla visu havijazifikia, magurudumu hupita juu yake, na kesho yake zinasimama tena zikiwa zimepindapinda. Mabua ya mbegu ni wakaidi zaidi: yale marefu, magumu, yanayochomoza moja moja, huinama mbele ya silinda na kunyanyuka nyuma ya mashine kana kwamba hakuna kilichopita. Mtu anayesafiri mara kwa mara, au anayengoja hadi uwanja uwe kichaka ndipo aushughulikie, asiinunue, ama awe na fyekeo la kutangulizia kazi.

Anayekata kwa wakati hulipwa vizuri. Mkato wa mara kwa mara huifanya nyasi itoe machipukizi ya pembeni, ukoka husongamana, na ukoka uliosongamana huzinyima mwanga mbegu za magugu zilizolala udongoni. Ndani ya msimu mmoja wa mvua, tofauti kati ya sehemu iliyokatwa kwa mashine hii na sehemu ya pembeni iliyoachiwa fyekeo huonekana hata kwa mtu asiyejali bustani. Wepesi wake nao ni faida katika msimu huo, kwa kuwa hupita juu ya udongo wenye unyevu bila kuushindilia na bila kuacha mifereji ya magurudumu. Hata hivyo, ni vyema kusubiri umande au maji ya mvua yakauke majanini, kwa sababu nyasi mbichi zenye maji huganda kwenye visu, magurudumu huteleza badala ya kuzunguka, na gurudumu lisilozunguka haliizungushi silinda.

Kiangazi ndicho kinachofichua dosari yake kubwa. Joto linapozidi na mvua inapokatika, nyasi zinapaswa kuachwa ndefu kidogo, ili majani yaupe udongo kivuli na mizizi iwe na nguvu ya kushuka kuyafuata maji yaliyo chini. Kwa ukoka wa kawaida, ambao hustawi ukikatwa kati ya sentimita 2 na 4, kimo cha juu cha sentimita 6 kinatosha na kubaki. Kwa nyasi nene za majani mapana za jamii ya Stenotaphrum, au kwa feskyu inayopandwa penye hali ya hewa ya baridi, kimo hicho hakitoshi, kwa kuwa nyasi hizo zinataka kati ya sentimita 7 na 9, hasa wakati wa joto. Mwenye uwanja wa aina hiyo akiipitisha mashine hii kiangazi atakuwa anazichuna nyasi zake zikiwa na kiu, na madoa makavu yatafuata. Zipo mashine za mtindo huuhuu zinazofika sentimita 7.5 au zaidi, na sioni sababu ya watengenezaji kuendelea kuuza za sentimita 6 bila kueleza waziwazi kwamba hazifai kwa kila aina ya nyasi. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho mnunuzi anapaswa kukiuliza, kabla ya upana na kabla ya uzito.

Kinachozidisha tatizo hilo ni jinsi kimo kinavyobadilishwa. Badala ya mkono mmoja wa kuvuta, kuna bolti mbili, moja kila upande, zinazohitaji spana na uangalifu ili pande zote zilingane. Upande mmoja ukizidi kwa milimita chache tu, uwanja hubaki na mistari. Kifaa kinachomtaka mtu akate chini wakati wa mvua na juu wakati wa ukame kilipaswa kumrahisishia mabadiliko hayo. Wengi, nina hakika, hupanga kimo mara moja na kukiacha mwaka mzima, kisha hulaumu jua.

Vipande vya nyasi havina haja ya kuzolewa. Ukikata kwa wakati vinakuwa vifupi, vinadondoka katikati ya mashina, vinaoza upesi na kuurudishia udongo naitrojeni, kiasi kinachoweza kufikia robo ya mbolea ambayo uwanja unaihitaji kwa mwaka. Kwa sababu hiyo sikitilii maanani sana kikapu cha turubai kinachouzwa pamoja na mashine, na ni bora hivyo, maana ni kibovu: ndoano zake huchomoka kwenye kila kona na nusu ya nyasi hurukia nje. Nakifunga tu pale mabua yanapokuwa yamekwisha kubeba mbegu.

Sasa niseme juu ya marekebisho ya visu, sehemu ambayo kitabu cha maelekezo kimeipitia kwa sentensi mbili ilhali ndiyo roho ya mashine. Nafasi kati ya silinda na kisu cha chini inapaswa kuwa nyembamba kuliko karatasi, visu vikikaribiana sana bila kukwaruzana. Hupimwa kwa kipande cha gazeti: kiingize juu ya kisu cha chini, uizungushe silinda polepole kwa kushika gurudumu, vidole vikiwa mbali na visu, kisha utazame. Karatasi ikikatwa safi kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia, mashine iko tayari. Ikikunjika au kutafunwa mahali fulani, skrubu ya upande huo inahitaji kukazwa kidogo sana, robo ya mzunguko au pungufu, kisha kupimwa tena. Sikio nalo husaidia. Mashine iliyorekebishwa vizuri hutoa mnong'ono laini wa chuma, ile iliyokazwa kupita kiasi husaga na kuwa nzito kusukuma, na iliyolegea huwa kimya lakini huacha nyuma yake majani yaliyokunjwa bila kukatika. Mtu akishajifunza kipimo hiki, nusu ya malalamiko yanayotolewa dhidi ya mashine za aina hii hutoweka.

Kuhusu ardhi, inataka tambarare. Kwenye mashimo na vichuguu vidogo silinda huchubua upande mmoja na kuruka mwingine, hivyo mwanzo wa msimu wa mvua, nyasi zinapoanza kukua kwa nguvu na zinaweza kupenya, ni wakati mzuri wa kujaza mabonde kwa mchanganyiko wa mchanga na udongo uliochekechwa, safu isiyozidi sentimita moja kwa mara moja. Kijiti chenye unene wa penseli kinatosha kuisimamisha ghafla, na kokoto moja inaweza kuutoboa ukingo wa kisu, kwa hiyo uwanja wenye miti unadai reki kwanza. Pembezoni mwa ukuta na vitanda vya maua haifiki, kwa kuwa magurudumu yako nje ya silinda. Mkasi wa bustani lazima uwepo.

Juhudi inayohitajika ni ya wastani. Kwa uwanja usiozidi mita za mraba 300 na nyasi zilizo katika kimo chake, ni kazi ya kutembea kwa mwendo wa kawaida. Zaidi ya hapo, au penye mteremko mkali, inachosha kiasi cha kuharibu nia ya kukata mara kwa mara, na nia hiyo ndiyo msingi wa kila kitu. Ukimya wake ni neema ambayo haionekani kwenye jedwali la vipimo. Mtu anaweza kukata alfajiri bila kumwamsha jirani, na akasikia mtoto akiita kutoka nyumbani. Wala hakuna moshi, wala mawe yanayorushwa kwa kasi kuelekea miguuni au dirishani.

Nyasi zinapolala, kwa baridi au kwa ukame, ndipo mashine nayo inapohudumiwa. Siioshi kwa maji. Huipangusa nyasi kavu kwa brashi ngumu, huvipaka visu oili nyembamba, na hutia grisi kwenye gia za ndani ya magurudumu baada ya kuondoa vifuniko vyake. Humo ndani kuna vipande vidogo vya chuma vinavyoliruhusu gurudumu kuizungusha silinda upande mmoja tu, na vikijaa grisi nzito au vumbi hunasa, gurudumu likazunguka bila kuizungusha silinda, hitilafu ambayo wasiojua huiona kuwa gia zimevunjika. Kunoa hufanyika kwa kupaka visu dawa ya kusagia, ile yenye chembechembe ambayo mafundi wa magari huitumia kwenye valvu, kisha kuizungusha silinda kinyumenyume kwa mkono wa kuzungushia hadi makali ya pande zote mbili yalingane, na kuifuta dawa yote kabla ya kupima tena kwa gazeti. Kwa matumizi ya nyumbani, mara moja kwa mwaka inatosha.

Kisu cha chini ndicho kinachokwisha kwanza, na hakinolewi milele. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anacho cha akiba chenye namba ya mashine hiyohiyo, na akijibu kwamba kitaagizwa baadaye, nunua ya mtengenezaji mwingine hata kama rangi yake haikupendezi.