TAHADHARI: Fundi anayekuuzia giaboksi ya Subaru kabla hajapandisha gari jeki

Wadau wenye Subaru za kitambo, hasa Impreza WRX za otomatiki, someni hii kabla hamjatuma pesa kwa mtu yeyote.

Kuna fundi hapa Nairobi anayejitangaza kwenye makundi ya magari kuwa bingwa wa giaboksi. Jina silitaji kwa sababu tumeshapiga ripoti polisi na namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) tunayo, lakini njia yake naianika yote. Dada yangu alimpelekea WRX ya 2003 iliyokuwa ikivuma ikifika kama kilomita 60 kwa saa. Jamaa akaiendesha kidogo, akarudi akitikisa kichwa: "Madam, giaboksi imekwisha, itakuacha barabarani." Akafungua sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi), akamwonyesha sumaku iliyojaa tope la kijivu, akasema hizo ni gia zinasagika. Papo hapo akawa na giaboksi nyingine "imetoka Japani juzi" kwa shilingi 85,000, pesa itumwe M-Pesa kwa namba yake binafsi, na ile ya zamani abaki nayo yeye.

Lile tope halithibitishi chochote. Sumaku imewekwa pale makusudi inase unga laini wa chuma unaotokana na kazi ya kawaida. Cha kuogopa ni vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole, au ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) iliyokuwa nyeusi na kunuka kuungua. ATF ya dada ilikuwa nyekundu bado, picha ninazo.

Giaboksi ikafungwa, mvumo ukabaki vilevile. Tena pakaongezeka jingine: akikata kona kali kwenye parking, gari linagoma na kurukaruka kama limevutwa breki. Fundi wa pili alichukua tochi, akasoma kodi (herufi na namba za kutambulisha aina yake) kwenye kibandiko cha giaboksi, akailinganisha na ile ya kwenye bati la gari ndani ya boneti. Tofauti kabisa. Difu ya mbele ya Subaru, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, imo ndani ya giaboksi hiyohiyo, na uwiano wa gia zake lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Usipolingana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana muda wote gari likitembea, na klachi ya katikati inaungua. Yaani huyu mtu amekula pesa na bado akaacha gari linajiua.

Na ule mvumo? Fundi alipandisha nyuma kwa jeki, mkono mmoja akashika springi, wa pili akazungusha gurudumu. Springi ilikuwa ikikwaruza kiganjani. Beringi ya nyuma kushoto, basi.

Kwa hiyo mlio unaofuata mwendo wa gari, na unaobaki hata ukitia N kwenye barabara tupu iliyonyooka ukaacha gari liserereke, uanze kuutafuta kwenye beringi na tairi. Unaopanda na kushuka na raundi za injini gari likiwa limesimama, hapo ndipo uishuku pampu ya giaboksi, toki konveta (inayounganisha injini na giaboksi) au ATF iliyopungua. Kelele za bati ukiwasha asubuhi mara nyingi ni kinga ya joto ya ekzosi iliyooza. Taa ya AT OIL TEMP (joto la mafuta ya giaboksi) kwenye dashibodi ikimwekamweka baada ya kuwasha injini badala ya kuzimika, kompyuta ya giaboksi imehifadhi hitilafu. Dai kodi ya hitilafu isomwe kwanza.

Mwulize pia fundi akuonyeshe stiki ya ATF na stiki ya difu ya mbele. Ni mbili tofauti, na mafuta yake ni tofauti. Asiyezijua usimwachie ufunguo.

Aliyefungiwa giaboksi na mtu wa namna hii akague kodi ya kibandiko leo. Giaboksi ya awali ya dada haijapatikana: ina alama ya rangi nyeupe ubavuni na mkwaruzo mrefu karibu na plagi ya kumwagia ATF. Ukiiona inauzwa, piga picha ya kibandiko unitumie inbox.